Barua za Wasomaji: Kuzunguka Visiwa vya Volkano vya Komoro kwa Meli

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu meli za matembezi katika Bahari ya Hindi, nayo ilitaja visiwa vya Komoro, vilivyo umbali wa kama kilomita 370 kusini-mashariki mwa bandari ya Mtwara, kuwa ni visiwa vya volkano ambavyo watu wa pwani ya kusini wangeweza kuvitembelea kwa urahisi kuliko wanavyodhani. Barua nyingi zilizotufikia baada ya hapo zimetoka Mtwara na Lindi. Tunajibu zile ambazo maswali yake yanawahusu wasomaji wengi.

Sisi ni walimu wa sekondari hapa Lindi na tumekuwa tukichanga fedha kwa ajili ya safari ya likizo. Wakala ametupa ratiba ya siku 7 ya meli ndogo ya matembezi, itakayoanzia Zanzibar, kupitia Kilwa Kisiwani, kisha visiwa vinne vya Komoro, yaani Ngazija, Mwali, Nzwani na Maore, kabla ya kurudi. Je, muda huo unatosha? Na visiwa hivyo vinatofautiana vipi na visiwa vyetu vya Kilwa na Songo Mnara? (Mwalimu wa jiografia, Lindi Mjini)

Mwalimu, muda huo hautoshi, na ningewashauri muikatae ratiba hiyo kama ilivyo. Ukitoa usiku na mchana wa kuvuka bahari kwenda na kurudi, ukatoa pia saa za kukaguliwa pasipoti na kusubiri mashua za kuwashusha, kila kisiwa kitabakiwa na saa chache tu za kukanyaga nchi kavu. Mtaona milima kutoka sitahani na kupiga picha, lakini visiwa vya aina hii havijulikani kwa kutazamwa kutoka baharini. Mambo yake yote yako juu, katika misitu, mashamba na vijiji vilivyokaa ubavuni mwa mlima, na huko kunahitaji miguu na muda.

Swali lako la pili ndilo linaloeleza vizuri zaidi kwa nini nasema hivyo. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni visiwa vya mawe ya matumbawe. Ni tambarare, maji yake hupatikana katika visima vifupi, na hata Msikiti Mkuu wa Kilwa umejengwa kwa mawe hayo hayo na chokaa iliyochomwa kutokana nayo. Mgeni akishuka asubuhi anaweza kuuona mji wote wa kale kabla ya jua kuwa kali, kwa kuwa hakuna mlima wa kumzuia. Komoro ni jambo jingine kabisa, maana kila kisiwa pale ni mlima uliopanda kutoka sakafu ya bahari, na tunachokiona juu ya maji ni kilele chake tu.

Hata miongoni mwao havifanani, na hapa mwalimu wa jiografia atapata somo ambalo hakuna ubao unaoweza kulichora. Ngazija, iliyo magharibi, ni changa kuliko vyote, nayo inabeba Karthala, volkano hai yenye urefu wa mita 2,361. Lava yake, yaani mawe yaliyomwagika yakiwa ya moto kisha yakaganda, bado ina matundu mengi kiasi kwamba mvua, ambayo ni nyingi sana, hunywea yote ardhini, na kisiwa kizima hakina mto wa kudumu. Kwa muda mrefu watu wamekinga maji ya mvua katika matangi ya mawe na saruji. Nzwani na Mwali zimekaa muda mrefu zaidi bila moto, udongo umejengeka, mabonde yamechimbika, na mito ipo. Maore, iliyo mashariki, ni ya zamani kuliko zote: mlima wake umelika na kuzama polepole, huku matumbawe yaliyokuwa yakikua pembeni yake yakiendelea kupanda, hadi yakabaki kuwa ukuta uliokizingira kisiwa kwa mbali na kuacha bahari tulivu katikati. Charles Darwin aliueleza mwenendo huo katika kitabu chake cha mwaka 1842 kuhusu miamba ya matumbawe, na mtu anayesafiri kutoka Ngazija hadi Maore anaupitia hatua kwa hatua.

Umri huo ndio unaoamua pia mahali pa kutia nanga, jambo ambalo mawakala hawalielezi. Ubavu wa volkano changa huteremka ghafla baharini, kwa hiyo pale Ngazija sehemu ambazo nanga inaweza kushika ni chache na ziko karibu mno na ufuko. Bandari ya Moroni, mji mkuu ulioko Ngazija, ni ya kina kifupi. Meli kubwa hubaki nje na abiria hushushwa kwa mashua ndogo, na siku bahari inapochafuka nahodha mwenye busara huahirisha kushusha watu kabisa. Mutsamudu, kule Nzwani, kuna gati la kina kirefu na kushuka ni rahisi zaidi. Ratiba iliyobana haina nafasi ya siku iliyoharibika, na siku moja ikiharibika ninyi ndio mtakaopoteza kisiwa.

Ombeni ratiba ya visiwa viwili. Mimi ningechagua Ngazija na Mwali, siku tatu kila kimoja, kwa sababu kimoja kinaonyesha volkano ikiwa kazini na kingine kinaonyesha uhai unaoota baada ya moto kupoa. Wakala akisema haiwezekani, tumieni fedha hizo kwa ndege ya kutoka Dar es Salaam hadi uwanja wa Hahaya, kisha mkodi mashua huko huko kwa mizunguko ya pwani.

Mimi na dada yangu ni wauguzi, tuna afya njema, na tungependa sana kuupanda mlima Karthala wakati meli itakapokuwa Moroni. Je, ni salama, na tujiandae vipi? (Muuguzi, Mikindani)

Dada zangu, nawapongeza kwa nia hiyo, lakini mlima huo haupandwi katika muda wa meli kusimama. Wengi huupanda kwa siku mbili, wakianza usiku au alfajiri kutoka vijiji vya juu ya Moroni, wakipita mashamba ya migomba, kisha msitu wenye ukungu, kisha vichaka vya juu, na kulala karibu na ukingo kabla ya kushuka. Wapo wenye mapafu na miguu imara wanaokwenda na kurudi kwa siku moja ndefu, ila siwashauri kufanya hivyo huku mkiiwazia saa ya meli kung'oa nanga. Mtu mwenye haraka mlimani hukosea njia, na ukungu wa Karthala hushuka bila kumngoja mtu.

Kuhusu usalama, nitawaambia ninavyouelewa mlima huo. Kaldera yake, yaani bonde kubwa lililobonyea kileleni, ina upana wa kama kilomita 3 kwa 4, na ndani yake kuna kasoko, yaani midomo ya volkano, ambazo zimewahi kulipuka mara nyingi. Mlima ulilipuka Aprili na Novemba 2005, ukalipuka tena Mei 2006 na Januari 2007. Katika milipuko ya mwaka 2005 maelfu ya watu walihama vijiji vyao, na majivu yaliingia katika matangi ya maji ya mvua, hivyo kisiwa kisicho na mito kikajikuta hakina maji safi ya kunywa. Nyinyi kama wauguzi mtaelewa upesi uzito wa jambo hilo. Mwaka 1903 gesi za mlima huo ziliua watu, na gesi haina sauti wala moshi wa kumwonya mtu. Kipo kituo kinachofuatilia mitetemo ya Karthala, na waongoza njia wa vijijini hupata habari mapema, kwa hiyo wakisema leo hatupandi, msibishane nao wala msitafute mwongoza njia mwingine mwenye bei nafuu.

Mkipanda, bebeni maji yote mtakayoyahitaji, kwa sababu njiani hakuna chemchemi ya kutegemea. Bebeni sweta nzito na koti la mvua. Mtu wa Mikindani hawezi kuamini baridi ya usiku wa juu ya mita 2,000 mpaka imshike. Viatu viwe vya kufunga na vyenye soli ngumu, kwani lava huchana kandambili kama wembe. Tochi, betri za akiba na kitambaa cha kufunika pua na mdomo vitawafaa pia.

Ikiwa meli haiwapi usiku wa nchi kavu, kuna njia nyingine ambayo haina aibu yoyote. Mwaka 1977 lava haikutoka kileleni bali ilipasua ubavu wa mlima na kuteketeza sehemu kubwa ya kijiji cha Singani, kusini-magharibi mwa kisiwa. Barabara inafika huko. Mkisimama palipokuwa na nyumba na mashamba, kisha mkawasikiliza wazee wa kijiji, mtakuwa mmeielewa volkano kuliko mtu aliyefika kileleni na kukuta ukungu mtupu.

Nilikuwa nahodha wa jahazi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Wajukuu wangu wanataka kunipeleka Komoro kwa meli. Ninyi mnaonaje kuhusu msimu? (Mzee wa Kilwa Masoko)

Shikamoo, mzee wangu. Kuhusu pepo wewe unajua zaidi yetu, na ninachoandika hapa ni kwa manufaa ya wajukuu zako watakaokata tiketi.

Tangu Novemba hadi Aprili ni msimu wa vimbunga katika bahari hiyo. Kimbunga Kenneth kilipita kaskazini mwa Ngazija usiku wa tarehe 24 Aprili 2019 na siku iliyofuata kikaingia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, wakati watu wa Mtwara na Lindi walikuwa wameshaambiwa wajihami. Kimbunga Chido kiliipiga Maore tarehe 14 Desemba 2024 na kuua watu wengi. Kusi nalo halina vimbunga vingi, ila kuanzia Juni hadi Agosti huvuma kwa nguvu, na meli inayotoka kwetu kuelekea kusini-mashariki hukabiliana nalo uso kwa uso, jambo ambalo abiria asiyezoea bahari hulipia kwa tumbo lake. Julai na Agosti pia ni miezi ya arusi kubwa za Ngazija, ambapo Wakomoro walio Ufaransa hurudi nyumbani kwa wingi, vyumba na magari vikawa adimu.

Kwa sababu hizo napendekeza Septemba na Oktoba. Kusi linakuwa limelegea, mvua hazijaanza, na nyangumi waliokuja kuzaa katika maji ya joto bado wanaonekana. Kumbuka pia kwamba katika visiwa vyenye milima mirefu kiasi hiki, kisiwa chenyewe ndicho kinga ya upepo: wakati wa kusi pwani ya Moroni, iliyo magharibi, hutulia, ilhali ufuko wa kusini wa Mwali huchafuka; kaskazi ikianza, mambo hugeuka. Wajukuu wakuulizie wakala atatia nanga upande gani, na jibu lake litakuonyesha kama anaijua bahari.

Wewe mzee unatoka mahali panapostahili safari hii. Historia ya kale ya Kilwa husimulia juu ya Washirazi waliokuja kwa vyombo saba, na chombo kimojawapo, inasemekana, kilifika Nzwani. Wasimulizi wanaweza kutofautiana kuhusu masimulizi hayo, lakini yanaonyesha kwamba watu wa kale wa Kilwa waliihesabu Nzwani kuwa ya jamaa zao.

Je, ni kweli kwamba mtalii anaweza kumwona gombesa, yule samaki wa kale, akipiga mbizi kule Komoro? (Mvuvi, Kilwa Kivinje)

Hapana. Gombesa hukaa mchana katika mapango ya lava yaliyo kwenye kina cha zaidi ya mita 150, ambako mpiga mbizi wa kawaida hawezi kufika salama. Dunia ilimfahamu mwaka 1938 alipovuliwa Afrika Kusini, na wa pili kutambuliwa na wataalamu alipatikana Komoro mwaka 1952, ingawa wavuvi wa huko walikuwa wakimjua tangu zamani. Mwaka 2003 alivuliwa pia karibu na Songo Mnara, kwa hiyo ndugu zako wavuvi wamekwishampandisha chomboni. Katika jumba la makumbusho la Moroni yupo aliyehifadhiwa, na kumtazama hapo kunatosha. Akikamatwa kwa bahati mbaya katika nyavu zenu, toeni taarifa kwa ofisi ya uvuvi.

Mimi ni kijana wa Msimbati na ninawatembeza wageni ndani ya hifadhi ya bahari. Nasikia Mwali kuna hifadhi inayofanana na yetu. Watu wanafanya nini wakishuka pale, na sisi tunaweza kujifunza nini? (Kijana wa Msimbati)

Mdogo wangu, barua yako imenifurahisha kuliko zote. Hifadhi yenu ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, na ya Mwali ilianzishwa mwaka 2001, hivyo ni kama watoto waliozaliwa pamoja. Mwali ndicho kisiwa kidogo kuliko vyote vinne, na wageni wanaokwenda huko ni wachache, jambo linaloufanya ukaaji wake uwe mtulivu.

Mgeni anaposhuka hupelekwa kwanza Nioumachoua, kijiji cha pwani ya kusini kinachotazamana na visiwa vidogo vyenye misitu vilivyotawanyika mbele yake. Huko watu hukodi mashua ya mwanakijiji, huvaa miwani ya kuzamia na kuogelea juu ya matumbawe yaliyoota kwenye mawe meusi ya lava, kisha hula samaki wa kuchoma ufukweni. Msituni, kwa kupanda mlima na mwongoza njia, wanaweza kumwona popo mkubwa wa Livingstone, ambaye hupatikana Nzwani na Mwali tu na hana makao mengine duniani. Amebaki wa kuhesabika kwa sababu misitu ya milimani inakatwa, nami naona kila mgeni anayelipa kumwona akiwa hai anampa mwenye shamba sababu ya kuuacha mti usimame.

Lakini mahali ambapo ningependa wewe ukae usiku ni Itsamia, upande wa kusini-mashariki. Kasa hupanda fuko za kijiji hicho kutaga usiku, na wanakijiji wenyewe ndio wanaowalinda, wanaowahesabu na wanaowaongoza wageni. Mgeni hawashi tochi nyeupe, hapigi picha kwa mwanga mkali, hakai mbele ya kasa, wala hamkaribii kabla hajaanza kutaga, kwa sababu akishtuka hurudi baharini bila kutaga yai hata moja. Fedha anayolipa mgeni hubaki kijijini. Somo lililo hapo kwa Msimbati ni hilo la ulinzi kuwa mikononi mwa watu wa ufuko huo huo: mvuvi anapoona kasa aliye hai anamletea mwanawe ada ya shule, hana haja ya kufukuzwa na askari wa doria. Ninyi mna ufuko mrefu na matumbawe ambayo wageni waliokwisha kuzunguka dunia huyasifu. Andaeni kikundi cha vijana, mwombe ofisi ya hifadhi iwape mafunzo ya kuongoza wageni usiku, na muweke bei moja inayojulikana, ili mgeni asivutwe huku na huku anaposhuka garini.

Maore inahitaji viza? Kuna rafiki ameniambia nitapata mashua ya kunivusha kutoka Nzwani. (Msomaji, Ligula, Mtwara)

Ndiyo, inahitaji viza. Maore ni mkoa wa Ufaransa tangu mwaka 2011 na ina viza yake. Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi za Ulaya, pekee haikuruhusu kuingia. Mashua anazozitaja rafiki yako ni kwasakwasa, ambazo huvuka usiku zikiwa zimejaza watu kupita kiasi, na watu wengi mno wamezama katika mlango huo wa bahari. Nakusihi usipande. Uzuri wa Maore upo, hususan bahari yake ya ndani na ziwa la kijani la Dziani lililo katika kasoko ya kale, lakini uuendee kwa karatasi halali au uuache.

Nina umri wa miaka 67, magoti yananiuma, na wanangu wanataka tushuke wote Nzwani. Nitafanya nini ambacho si kupanda milima? (Bibi wa Newala)

Shikamoo, bibi. Nzwani ndiko kunakokufaa zaidi, kwa kuwa huko uzuri mwingi uko karibu na gati. Mji wa kale wa Mutsamudu una vichochoro vyembamba vyenye kivuli, milango ya mbao iliyochongwa na nyumba za mawe zilizosongamana, na unaweza kuuzunguka polepole ukipumzika kwenye baraza. Utawaona wanawake wamejitanda shiromani, kitambaa chekundu na cheupe cha kisiwa hicho, na nadhani mkulima wa Newala atavutiwa pia na soko lao la karafuu, vanila, ndizi na nazi.

Waombe wanao wakodi teksi ikupeleke kwenye tanuri la mafuta ya langilangi, maua yanayotumika kutengenezea manukato. Maua huchumwa asubuhi na mapema na kutiwa mara moja katika mtungi mkubwa wa kuchemshia, kisha mvuke wake hupozwa na mafuta kukusanywa. Yanayotoka saa za mwanzo ndiyo bora na ndiyo ghali, yakifuatwa na yale ya baadaye ambayo huenda zaidi kwenye sabuni. Ukitaka kununua, nunua chupa ndogo papo hapo tanurini na uulize ni ya saa ngapi. Muuzaji mwaminifu atakuambia.

Usipange safari hiyo Ijumaa mchana, kwa sababu maduka hufungwa kwa ajili ya sala. Badilisha fedha uwe na faranga za Komoro mkononi, maana mashine za kutolea fedha ni chache. Na ikiwa meli itawashusha kwa mashua, mwambie baharia mapema kuhusu magoti yako, akushushe katika mashua ya kwanza kabla ya msongamano, nawe uhakikishe una mtu wa kukushika mkono upande wa mashua na mwingine upande wa gati.